Zinki ya boti ikiisha kwa wiki saba: nilivyousaka umeme unaovuja

Nahodha alipoibuka kutoka chini ya boti alikuwa ameshika kitu kiganjani. Hakusema neno, akanitupia. Kilikuwa kipande cha zinki, ile metali inayofungwa chini ya boti ili maji ya bahari yaile badala ya propela, nacho hakikuzidi kidole gumba. Mwanzoni mwa Desemba, kaskazi iliposhika, nilikuwa nimefunga zinki mpya ya gramu 300 kwenye shafti, ule mhimili unaozungusha propela. Zilikuwa zimepita wiki saba tu. Kwa boti ya faiba ya futi 32, yenye injini moja ya dizeli, inayolala katika mkondo wa Mtwapa, mimi hutarajia zinki kama ile inifikishe miezi tisa au zaidi.

"Mwanangu, hii boti inaliwa," aliniambia. "Na propela kaiangalie mwenyewe."

Nikazama. Kingo za propela zilikuwa zimegeuka rangi ya waridi. Shaba ya propela nyingi ina zinki ndani yake, na zinki hiyo ikishachujwa na maji ya chumvi, kinachobaki ni shaba nyekundu isiyo na nguvu. Nilikwaruza kwa ncha ya kisu, ikamomonyoka kama chokaa ya ukuta wa zamani.

Nilichofanya siku ile kilikuwa kosa: nilifunga zinki mbili badala ya moja. Kufika mwanzoni mwa Machi zote mbili zilikuwa mabaki. Zinki inafungwa ili iliwe kwanza badala ya propela, hilo nalijua, lakini ikiwa kuna umeme wa betri unaotoka kupitia kwenye shafti kuingia baharini, kuongeza zinki ni kuteka maji kwa pakacha. Metali mbili tofauti zikikaa ndani ya maji ya bahari hulana zenyewe, ila taratibu, kwa sehemu ndogo ya volti. Betri ya volti 12 ikiingia katika shughuli hiyo, mambo hukimbia. Ampea 1 ikitoka kwenye shaba kuingia baharini mfululizo kwa mwaka, inaondoka na kilo 10 hivi za shaba.

Mtuhumiwa wangu wa kwanza alikuwa gati. Usiku boti ilikuwa ikifungwa hapo, waya wa umeme unavutwa kutoka nchi kavu kuchaji betri, na ubavuni kulikuwa na tishali la chuma linalotumia umeme huo huo. Ule waya wa ardhi, wa kijani na njano, huunganisha metali za vyombo vyote vilivyochomekwa hapo, kwa hiyo zinki yako inaweza kuwa inalinda chuma cha jirani bila wewe kujua. Fundi mwenzangu akaniambia, "Kata huo waya wa kijani, yaishe." Nilikataa, na nitakataa daima. Chaja ikiharibika siku moja, ule waya ndio unaofanya fyuzi ikate. Ukiukata, umeme unabaki kwenye injini na kwenye shafti, ukimngoja anayeshuka majini. Wenzetu wa Kisumu na Mwanza wachukue tahadhari mara mbili, kwa sababu maji ya ziwa hayapitishi umeme vizuri kama ya bahari, na mwili wa mwogeleaji unakuwa njia rahisi kuliko maji yenyewe. Dawa ya salama ni kile kifaa chenye dayodi kinachofungwa kwenye waya wa ardhi: kinazuia volti ndogo za metali, lakini hitilafu kubwa kinaipitisha. Tulikifunga baadaye.

Basi nikaamua kupima. Elektrodi ya fedha wanayotumia wataalamu sikuwa nayo. Nilichukua kipande cha zinki mpya, nikakifunga waya mrefu, nikakishusha baharini hatua mbili kutoka ubavuni. Waya mweusi wa multimita, kile kipimo cha umeme, nikaugusisha kwenye zinki, mwekundu kwenye shafti ndani ya boti. Shaba isiyo na ulinzi wowote husoma karibu na volti 0.7 dhidi ya zinki. Ikilindwa vizuri, hushuka hadi 0.5 au chini zaidi. Mimi nilipata 0.68, nikaona sawa, kwa kuwa zinki zilikuwa zimekwisha. Nikachomoa waya wa gati. Namba haikutikisika hata kidogo. Nikazima swichi kuu, nikawasha taa, redio, kipima kina, kimoja kimoja. Kimya, 0.68 ile ile.

Ile namba kutotikisika ilikuwa inanieleza jambo, ila sikulisikia. Namba ya shafti iliyounganishwa na injini ilipaswa kusogea kidogo nilipochomoa waya wa gati.

Kesho yake nilifika alfajiri kabla ya nahodha. Sijui kwa nini nilianza na kupima kabla ya chai, lakini namshukuru Mungu. Multimita ilisoma 0.90. Hakuna kilichowashwa, swichi kuu imezimwa. Nikafunua mbao za sakafu. Ngama, pale chini kabisa ndani ya boti, ilikuwa na maji, kwa kuwa glandi, kizibo cha pale shafti inapotokea nje, inadondosha kidogo kidogo usiku kucha, na maji yalikuwa yamebakiza vidole viwili tu kuinua boya la swichi ya pampu. Nikaibonyeza pampu kwa mkono hadi maji yakaisha, nikarudi kwenye multimita. 0.69.

Pampu ya ngama haipiti kwenye swichi kuu. Imefungwa moja kwa moja kwenye betri ili iokoe boti hata watu wakiwa wamelala majumbani, na ndivyo inavyotakiwa. Nilingoja maji yapande tena, nikachomoa fyuzi yake, nikaweka ampea mita mahali pake. Pampu haizunguki, ila ampea 0.3 zinapita.

Nyuma ya ile swichi ya boya kulikuwa na kiungo cha waya chanya, kimesokotwa na kufungwa tepu nyeusi. Nilipoifungua tepu, ilitoka na ute wa kijani. Nyuzi za shaba zilikuwa nyeusi, nyingine zimekatika, na zilizobaki niliweza kuzihesabu. Kila maji ya ngama yalipokifunika kile kiungo, umeme ulikuwa ukiingia majini.

Lakini kwa nini utokee kwenye shafti? Hapo ndipo nilipokaa muda mrefu. Tulingoja bamvua tukaipweleza boti mchangani, nikapima ukinzani kati ya shafti na injini. Haukupaswa kuzidi omu 1, nami nilipata maelfu. Mwaka uliotangulia kapulingi ya chuma, kile kiungo cha injini na shafti, ilibadilishwa ikafungwa ya mpira, nzuri kwa kupunguza mtikisiko, lakini mpira haupitishi umeme, na hakuna aliyeweka mkanda wa shaba wa kuuvusha. Shafti ilikuwa imeachwa yatima. Umeme uliingia kutoka kwenye maji ya ngama, ukatoka kupitia zinki na propela hadi baharini, ukarudi kwenye hasi ya betri kwa kupitia vali ya maji ya injini. Hesabu pia ilikubali: ampea 0.3 kwa nusu ya kila siku hula gramu 4.4 za zinki, na kwa siku 49 hiyo ni zaidi ya gramu 210, bila kuhesabu kuliwa kwa kawaida.

Matengenezo yalichukua siku moja. Waya mpya wa shaba iliyopakwa bati, kiungo kikapandishwa juu kabisa ambako maji ya ngama hayafiki, kikavikwa mpira wenye gundi unaosinyaa kwa moto. Mkanda wa shaba uliosukwa kutoka upande wa injini wa kapulingi hadi upande wa shafti. Glandi ikakazwa, zinki mpya ya gramu 300 ikafungwa. Boti iliporudi majini nilimimina ndoo za maji ya bahari ndani ya ngama hadi boya likakaribia kuinuka, huku nahodha ameshika multimita. "Arobaini na sita," akasema, yaani 0.46. Nikaongeza ndoo nyingine. "Bado arobaini na sita."

Agosti, kusi ikiwa bado inavuma, tuliipweleza tena kuipaka rangi. Nahodha aliifungua zinki mwenyewe, akaipeleka kwa muuza samaki jirani, akaiweka kwenye mizani. Gramu 215.