Bahasha ya Risiti

Asubuhi ile niliingia benki, huku Marekani, nikiwa nimebeba bahasha iliyojaa risiti za kodi ya nyumba za miaka 4, zimepangwa mwezi kwa mwezi, pamoja na bili za umeme na za simu nilizokuwa nimezilipa zote. Nilikuwa nimekwenda kuomba mkopo wa gari, wa kwanza maishani mwangu, nikiamini kwa dhati kwamba mtu ambaye hajawahi kudaiwa na yeyote ndiye hasa ambaye mkopeshaji anamtafuta.

Afisa mikopo, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, aliingiza taarifa zangu kwenye kompyuta, akasubiri, kisha akaigeuza skrini ili nami nione. Mahali ambapo alama zangu za mkopo, ile namba inayomwonyesha mkopeshaji jinsi mtu anavyolipa madeni yake, zilipaswa kuwepo palikuwa patupu. Nilidhani mtambo umekwama.

"Haujakwama, ndugu yangu," akasema. "Ni kwamba hakuna aliyewahi kuandika lolote kukuhusu."

Nikamsogezea bahasha yangu. Jambo ambalo sijalisahau ni kwamba hakuisukuma kando. Alizitoa risiti zile, akazipitia moja baada ya nyingine, akazirudisha kwa mpangilio ule ule, ndipo akanieleza kwamba zote ni za kweli na hakuna hata moja ambayo ingenisaidia pale, kwa sababu mwenye nyumba wangu hakuwa akipeleka taarifa za malipo yangu kwenye kampuni za kumbukumbu za mikopo, na kompyuta ile ilisoma tu kilichopelekwa huko. Benki hiyo ilitumia alama za mkopo za aina iitwayo FICO, ambazo huanzia 300 hadi 850, na ili mtu azipate ni lazima awe na akaunti walau moja ya mkopo yenye umri wa miezi 6 au zaidi, na pawe na akaunti iliyotolewa taarifa katika miezi 6 iliyopita. Kwa hiyo mimi sikuwa na alama za chini. Sikuwa na alama kabisa. Tofauti hiyo aliirudia mara mbili, nadhani kwa kuwa alikwisha kuuona uso wangu.

Niliumia sana. Mtu aliyekopa akachelewa kulipa alikuwa na rekodi, hata kama ni mbaya, ilhali mimi niliyejinyima ili kodi isipitilize tarehe yake nilikuwa kama sijawahi kuishi. Niliona kuwa huo ni uonevu kwa wanaolipa taslimu, na bado naona hivyo.

Nilimuuliza nitapataje historia bila kukopeshwa, na nitakopeshwaje bila historia. Alinieleza habari za kadi ya mkopo ya dhamana: mteja huweka amana, na kwa kawaida kikomo cha kadi huwa sawa na amana hiyo, hivyo benki inakuwa na kinga huku mteja akijenga jina. Akanisisitizia kwamba kabla ya kutia saini popote nihakikishe mtoaji wa kadi anapeleka taarifa kwa kampuni zote 3 kubwa, yaani Equifax, Experian na TransUnion, kwa maana kadi isiyotolewa taarifa isingekuwa na tofauti na bahasha yangu. Alitaja pia njia ya kuongezwa kama mtumiaji kwenye akaunti ya ndugu anayelipa vizuri. Kaka yangu angekubali, lakini sikutaka kosa langu lolote limwangukie yeye, nikachagua kuweka amana.

Kosa lenyewe halikuchelewa kuja. Mwezi wa pili nilitumia karibu kikomo chote cha kadi, nikalipa deni lote kabla ya tarehe ya mwisho, nikalala usingizi mzuri. Sikuwa nimeelewa kwamba kiasi kinachotolewa taarifa mara nyingi ni kile kinachosomeka siku taarifa ya mwezi inapofungwa, wala kwamba kiasi cha deni hubeba asilimia 30 ya alama za FICO, kikitanguliwa tu na historia ya malipo yenye asilimia 35. Kwa hiyo nilionekana kama mtu aliyeelemewa na madeni, ingawa sikudaiwa hata senti. Tangu hapo niliitumia kadi kwa bili moja ndogo tu, nikalipa kabla taarifa haijafungwa, na sikuomba mkopo mwingine wowote.

Miezi 6 ilipotimia niliomba nakala ya taarifa yangu ya mikopo kutoka kwenye kampuni zile za kumbukumbu. Akaunti yangu ilikuwemo, lakini jina langu la ukoo lilikosa herufi mbili. Nilihisi kama nafutwa upya. Niliandika barua ya pingamizi nikiambatanisha nakala ya kitambulisho, na kwa kuwa kampuni hizo hutakiwa kisheria kuchunguza pingamizi, kwa kawaida ndani ya siku 30, nilihesabu siku moja moja hadi nakala iliyosahihishwa ilipofika.

Nilirudi nayo kwa afisa yule yule. Ilikuwa na akaunti moja tu na malipo ya miezi 6, yote kwa wakati. Aliisoma polepole, mstari kwa mstari, kama alivyozisoma risiti zangu, kisha akavuta fomu ya maombi.