Usiku wa kava mia mbili

Mwaka 2021, mwanamuziki Rayvanny, mtoto wa hapa hapa Mbeya, alipotangaza lebo yake ya kutolea muziki, Next Level Music, kilichonijia kwanza ni harufu ya gundi.

Ilikuwa Juni 2004, kwenye chumba cha kupanga nyuma ya soko la Mwanjelwa. Tulikuwa wanne: wapiga gitaa wawili, mpiga ngoma, na mimi mwimbaji. Karibu mwaka mzima tulikuwa tumepiga kwenye harusi na vipaimara, na fedha zote zikaishia studio. Tukapata nyimbo sita.

Kabla hata hatujajua tufanye nini na nyimbo hizo, msambazaji mmoja wa Dar es Salaam akatuma mtu na karatasi. Laki mbili taslimu. Sisi tumkabidhi masta, yaani rekodi yenyewe ya studio, na tusaini. Elfu hamsini kila mmoja. Mpiga ngoma alikuwa anadaiwa kodi ya miezi mitatu, na sikumlaumu alipoomba kalamu. Ila mpiga gitaa la solo aliisoma ile karatasi polepole, kidole kikifuata mstari, akasema, "Jamani, hapa pameandikwa milele."

Sheria ya Hakimiliki ilikuwa imepitishwa mwaka 1999, COSOTA, chama cha kusimamia hakimiliki nchini, nacho kikaanza 2001, lakini kwa wengi wetu hakimiliki lilikuwa neno la redioni tu. Siku ile ndipo lilipoingia chumbani. Tungekuwa tunauza na nyimbo ambazo watoto wetu wangezisikia, wakiambiwa ni za baba zao, na mapato yaende kwa mtu mwingine.

Ndipo huyo mpiga gitaa la solo akatusimulia habari aliyoipata sekondari kwa mwalimu wa kujitolea kutoka Marekani. Vijana wa Washington, Ian MacKaye na Jeff Nelson, walikuwa na bendi iliyoitwa Teen Idles. Mwaka 1980 bendi ikavunjika, na fedha za maonyesho zilikuwepo, wameziweka akiba. Hawakugawana. Wakazitumia kutoa santuri ndogo ya nyimbo nane za bendi ambayo tayari ilikuwa imekufa, wakaiita lebo yao Dischord. Hawakuwa na kiwanda cha makasha, kwa hiyo walichukua kasha la santuri nyingine, wakalibandua, wakachora umbo lake, kisha wakawa wanakata, wanakunja na kubandika kwa mikono yao.

"Kwa mikono?" mpiga ngoma akauliza.

"Kwa mikono, kaka. Maelfu."

Akairudisha kalamu mezani. Mpaka leo namheshimu kwa tendo lile kuliko wimbo wowote tuliopiga.

Tukaazima deki mbili, tukadabu kwa siku nne kanda mia mbili. Kila iliyokamilika tulivunja vile vipande viwili vya plastiki vya mgongoni, mtu asije akarekodi juu yake. Kisha tukafungua kava ya kanda moja ya zamani ya kwaya, tukaichora kwenye karatasi ngumu, tukaandika majina ya nyimbo, tukaipeleka kutoa fotokopi Uhindini.

Saa mbili usiku tukaanza kukata. Kava ya kwanza haikuingia kwenye kasha. Ya pili haikuingia. Mashine ilikuwa imeikuza kazi yetu kidogo tu, milimita mbili hivi, na milimita mbili kwenye kaseti ni nyingi. Hatukuwa na fedha ya kurudia. Ikabidi kila kava ipunguzwe pembeni kwa wembe na rula ya mbao. Pale pembeni ndipo tulipokuwa tumeandika namba ya simu, na wembe ukawa unaondoka na tarakimu ya mwisho. Kwa hiyo mmoja alipunguza, mmoja akakunja, mmoja akabandika kipande cha ubavuni, na mimi nikaandika 7 kwa biro. Mara mia mbili.

Baridi ya Mbeya ya Juni haihitaji maelezo. Gundi iligoma kukauka. Usiku wa manane mama mwenye nyumba akagonga, ameshika jiko la mkaa.

"Wanangu, fungueni dirisha kwanza, ndipo niwaachie."

"Ndaga, mama."

Tukazikausha kava kwa kuzipitisha juu ya jiko, mbilimbili, kama mtu anayechoma mahindi.

Alfajiri tulikuwa stendi. Ishirini kwa konda wa Tukuyu, ishirini Kyela, ishirini Tunduma, na nyingine tukapeleka kwenye vibanda vya Mwanjelwa. Zilichukua miezi miwili kwisha. Fedha ilirudi, na juu yake kidogo.

Kuhusu hicho kidogo tulibishana jioni nzima. Kule Washington, lebo ilipomaliza santuri ya kwanza iliendelea na bendi za marafiki, S.O.A. kisha Minor Threat, na mpiga solo alilirudia hilo mpaka tukachoka. Mpiga ngoma, ambaye alikuwa amekwisha kulipa kodi yake, ndiye aliyekata shauri: kesho yake alikuja na kinadada watatu wa kwaya kutoka Tukuyu, wameshika masta yao ndani ya mfuko wa rambo.

"Hawa nao wamepewa karatasi," akasema.

Nikaenda kuazima deki.