Futa Hapo, Mwanangu

Mtoto wa kaka yangu, yule wa kidato cha pili, alikuwa anaangalia kwenye simu video ya zamani ya mkutano wa kampeni. Uwanja umefurika na watu wanazungusha mikono mbele ya kifua kama kocha anayeomba kubadilisha mchezaji. Akaniuliza, "Shangazi, hawa wanafanya nini?" Nikamwambia hiyo ilikuwa ishara ya mabadiliko, uchaguzi mkuu wa 2015, upande wa Lowassa, waziri mkuu wa zamani aliyegombea urais kwa upinzani. Upande wa pili mgombea wa CCM, Magufuli, alikuwa anapiga pushapu jukwaani. Alidhani namtania. Halafu akauliza swali ambalo sijaacha kulifikiria: "Na watu wa kawaida walikuwa wanasemaje?"

Yeye nilimjibu kwa kifupi maana alikuwa na mtihani. Ninyi nawajibu kwa urefu.

Kazi yangu ya wakati ule, redioni Mwanza, mnaijua. Rekoda mkononi, naingia sokoni, nauliza swali, narudi na sauti za kipindi cha asubuhi. Kuanzia kampeni zilipofunguliwa mwezi Agosti swali lilikuwa lile lile: unamtaka nani na unamwonaje? Mhariri wetu alitaka sauti fupi fupi, na alitaka mizani: mmoja wa kijani, yaani CCM, mmoja wa magwanda, yaani CHADEMA, mmoja ambaye hajaamua. Ukirudi na wawili wa rangi moja unarudishwa mtaani.

Na watu walikuwa na la kusema, tena bila kubembelezwa. Ulikuwa mwaka wa ajabu. Julai jina la Lowassa lilikatwa Dodoma, kwenye mchujo wa CCM wa kumpata mgombea urais, na kabla mwezi haujaisha akawa amehamia CHADEMA, akasimama chini ya mwavuli wa UKAWA, ule muungano wa vyama vya upinzani. Tarehe 1 Septemba Dk. Slaa, aliyekuwa katibu mkuu wa CHADEMA, akatangaza kuachana na siasa za vyama. Waliokuwa wakimsema mtu jukwaani wakaanza kumnadi, na waliokuwa wakimtetea wakaanza kumsema. Daladala za Mwanza zilikuwa hazina muziki, zilikuwa na mabishano. Kumbuka mjini kwetu mwaka 2010 majimbo ya Nyamagana na Ilemela yalikwenda upinzani, kwa hiyo hakuna aliyejua upepo utalala wapi. Na Magufuli alikuwa wa ng'ambo tu hapo, Chato. Ziwa lilelile.

Nilimhoji kuli mmoja wa Kirumba akiwa na gunia begani. Hakulitua. "Sema lofa mmoja wa hapa anataka mabadiliko," akaniambia, akapita. Neno hilo rais mstaafu Mzee Mkapa aliwatupia wapinzani pale Jangwani, Dar es Salaam, tarehe 23 Agosti, kwenye uzinduzi wa kampeni za CCM, na lilifika Mwanza kabla ya magazeti. Mvuvi wa sangara akaniambia yeye ana deni na Magufuli tangu 2009, ilipokamatwa ile meli ya kigeni iliyokuwa ikivua Bahari ya Hindi bila kibali, nchi nzima ikasema "samaki wa Magufuli". "Waziri anayekamata meli, hata mimi ananitosha." Mwenzake akamkatiza: meli hiyo, na Richmond ile ya 2008, kashfa ya umeme iliyomng'oa Lowassa uwaziri mkuu, zote ni za serikali ileile, sasa unachagua nini? Wakaniacha nimeshika rekoda, wakaendelea wenyewe.

Mzee muuza kahawa alikuwa amepiga kura tangu enzi za chama kimoja, za kuchagua kati ya picha ya Nyerere na kivuli. Aliniambia yeye hana mgombea mwaka huu, ana furaha tu ya kusikia vijana wanabishana mpaka kahawa inapoa. Binti wa chuo, kadi yake ya kupigia kura ya BVR bado mpya, aliniambia moyo wake uko kwa Anna Mghwira wa ACT-Wazalendo, mwanamke pekee kati ya wagombea 8. Lakini hampigii. Mwenye kura nyingi ndiye anayepita, hakuna duru ya pili, na hakutaka kura yake ya kwanza maishani ipotee. Nilimwonea huruma, na hesabu yake sikuweza kuipinga.

Wote hao walirushwa hewani. Ambaye hakurushwa ni yule mama wa mwaloni, soko la samaki la Kirumba.

Nilimkuta upande wa dagaa, asubuhi, jua bado halijawa kali. Alikuwa amekaa juu ya kiroba kilichoshonwa mdomo, ungo mapajani, anapepeta. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akanionyesha kiroba cha jirani yake nikae. Sauti yake ya salamu ilikuwa ya chini, ya mtu aliyeamka saa tisa usiku. Nikajitambulisha, nikawasha rekoda, nikauliza swali langu.

Akaweka ungo chini. Akafunga kanga upya. Akakohoa kidogo, halafu ikatoka sauti nyingine kabisa, ya juu, imenyooka:

"Sisi wananchi wa kipato cha chini tunahitaji kiongozi mchapakazi, mwadilifu, asiye na makundi, atakayetuletea maendeleo na mabadiliko ya kweli, na kudumisha amani na utulivu wa nchi yetu."

Hakukwama hata mara moja. Maneno ya kambi zote mbili yalikuwa humo, yamepangwa vizuri, na mhariri angeyapenda. Nikamshukuru, nikaanza kuinuka.

"Ngoja," akasema. "Nisikilizishe."

Hakuna mtu aliyewahi kuniomba hivyo. Nikarudisha nyuma, nikamwekea rekoda sikioni kwa sababu makelele ya soko yalikuwa yameshaanza. Akanishika kifundo cha mkono ili nisitikisike. Vidole vyake vilikuwa vinang'aa fedha ya magamba, na vilipoachia baadaye nami nilibaki nang'aa hapo mkononi. Alisikiliza mpaka mwisho, shingo ameinamisha upande, macho kwenye ungo. Akasema, "Tena." Nikampigia tena. Jirani yake naye akasogeza kichwa asikie.

"Huyo nani?" akaniuliza.

"Si ni wewe, mama."

"Hapana. Huyo ni lile gari." Akanyoosha kidevu kuelekea barabarani, ambako gari la matangazo lenye spika mbili juu lilikuwa linapita na kurudi tangu asubuhi. "Futa hapo, mwanangu. Futa niulize tena."

Nikafuta mbele ya macho yake. Nikawasha upya, lakini swali sikuwahi kuliuliza. Aliinama, akachota dagaa wachache kwenye ungo, akanitilia kiganjani.

"Tafuna."

Nikatafuna. Mchanga ukalia kwenye meno, na rekoda iliudaka ule mlio; mpaka leo naweza kuutofautisha na kelele nyingine zote za soko.

"Umesikia?"

"Mchanga, mama."

"Haya. Anzia hapo."

Akaeleza, sasa kwa sauti yake ya salamu. Dagaa huwanunua wabichi kwa beseni kisiwani Kome, mitumbwi inapofika alfajiri. Anawaanika chini, kwenye mchanga wa ufukweni, kwa sababu vichanja hana na mbao za vichanja ni hela. Dagaa wa mchanga bei yake iko chini. Mteja wa Kongo anatafuna mmoja tu kama nilivyotafuna mimi, kisha anasogea kwa mwingine. Na Oktoba mvua za vuli zinaanza. Mvua ikiwakuta dagaa chini siku mbili mfululizo wanaoza, na waliooza wanakuwa chakula cha kuku, wanauzwa kwa bei ya kuku. Mkopo wa kikundi hausikilizi habari ya mvua.

"Mikutano nimekwenda, ya huku na ya huku, nimesimama mpaka miguu imevimba. Barabara nimesikia. Elimu nimesikia, na ni jambo jema, wanangu wanasoma. Nasubiri aseme dagaa. Ziwa lote hili, mwanangu, halafu dagaa hatajwi."

Nikamuuliza, basi kura unampa nani? Hilo ndilo nililokuwa nimetumwa.

"Hilo ni langu na sanduku. Wewe ungeniuliza ninampa kwa sababu gani. Nani, nani, nani! Kila anayekuja na kidude hicho anauliza nani."

"Lakini utakwenda kupiga?"

Hapo akanitazama kama nimemkosea heshima. Kadi yake, akasema, ni ya Kome, alikoandikishwa, na huko atarudi. Tarehe 25 mwezi utakuwa mkubwa. Wale mnaokaa mbali na ziwa, dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi haitoki. "Wanaume wote watakuwa nchi kavu. Tutapanga mstari pamoja nao. Na atakayepita, awe huyu, awe yule, mvua itakuwa imeshaanza."

Akachukua ungo wake. Mazungumzo yalikuwa yamekwisha.

Niliporudi studio nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuieleza vizuri. Nilijua nimebeba kitu. Mhariri akasikiliza mpaka pale kwenye beseni, akasimamisha. Akasema ni sauti nzuri, lakini hajataja mgombea, hajataja chama, hii ipelekwe kipindi cha wavuvi. Nikamkumbusha kwamba kipindi cha wavuvi kilikuwa kimesimamishwa kupisha matangazo ya kampeni yaliyolipiwa. Akasema basi itasubiri Novemba. Nilibishana naye mpaka wenzangu wakanivuta mkono. Kesho yake asubuhi zilirushwa sauti tatu, moja ya kijani, moja ya magwanda, moja isiyoamua, na zote tatu ungeweza kuzipata kwenye lile gari la spika mbili.

Naliandika hili nikiwa bado naamini kwamba yule mama alikuwa amezungumzia uchaguzi kuliko wote niliowahoji mwaka ule. Alikuwa ameupima urais kwa kitu anachokijua hadi kwenye meno. Alikuwa amewasikiliza wagombea kwa subira kuliko sisi wanahabari, kwa sababu sisi tulikuwa tunasubiri nani amemshambulia nani, naye alikuwa anasubiri neno moja. Na hakuwa mtu wa "wote ni walewale", maana mtu wa namna hiyo hasimami mpaka miguu ivimbe.

Lakini kuna jambo linalonizuia nisiseme kwa uhakika zaidi ya hapo. Baada ya siku ile nilianza kuwasikilizisha watu sauti zao kabla sijaondoka. Nilitegemea wengi watasema futa. Wengi hawakusema. Yule kuli nilimpata tena, safari hii gunia liko chini, nikamrekodi upya, nikampigia sauti aliyosema "hapa ni mabadiliko tu, hatudanganyiki". Akasikiliza, akatikisa kichwa kwa kukubali, akasema, "Iache hivyo hivyo, ndivyo ninavyosema hata nyumbani." Mwendesha bodaboda mwenye kofia ya kijani akasema vilevile kuhusu "Hapa Kazi Tu" ya Magufuli: kwake kazi ni kazi, hana tafsiri nyingine, na aliyeitamka kwanza hamsumbui. Nitasema nini kwa watu hao? Kwamba maneno si yao kwa sababu yamechapishwa kwenye fulana? Siwezi. Maneno ya jukwaani yanaweza kumkaa mtu sawasawa, na kwa mwingine yakawa nguo ya kuazima. Nani ni nani huwezi kujua kwa kusikiliza hewani. Ungepaswa kukaa juu ya kiroba, na kipindi cha asubuhi hakina nafasi ya kukaa.

Mengine mnayajua. Tarehe 25 foleni zilikuwa ndefu tangu gizani. Kulikuwa na yale mabishano kama wapiga kura wabaki mita 200 kutoka kituoni kulinda kura, mahakama ikasema watu wakishapiga kura waondoke. Tarehe 29 Oktoba Tume ikatangaza: Magufuli kura 8,882,935, asilimia 58.46, Lowassa kura 6,072,848, asilimia 39.97. Matokeo ya urais kwetu hayapelekwi mahakamani, kwa hiyo mabishano yalirudi kwenye daladala, kisha mwaka hadi mwaka yakapungua sauti, na sasa kijana wa kidato cha pili ananiuliza kama kitu cha hadithi. Magufuli alituacha Machi 2021, Lowassa Februari 2024. Mimi redio niliiacha kabla ya hapo. Novemba ile sauti ya dagaa haikurushwa. Kipindi cha wavuvi kiliporejea nilikuwa nimepelekwa dawati jingine.

Ninapoziangalia zile namba huwa najaribu kumweka yule mama mahali. Katika 58.46 au katika 39.97? Siwezi, na nadhani angefurahi kwamba siwezi. Kuna kundi la tatu vilevile, ambalo hatukulihoji kamwe: waliojiandikisha walikuwa zaidi ya milioni 23, waliopiga kura milioni 15 na nusu hivi. Zaidi ya milioni 7 walikuwa na kadi na hawakutokea. Inawezekana boti la kwenda Kome lilimkosa, au hela ya nauli iliishia kwenye mkopo wa kikundi. Sidhani, lakini. Mtu aliyeshapiga hesabu ya mbalamwezi ili ajue foleni itakuwa na wanaume wangapi, huyo alikwenda.