Jumapili ya kura Vaduz: siku yangu ya zamu

Saa 11:30 alfajiri. Naamka Buchs, upande wa Uswisi. Nje bado giza, barabara imeganda. Chai ya tangawizi, kipande cha mkate, kisha napanda basi. Tukishavuka mto Rhine tumeingia Liechtenstein, wala hakuna anayekuuliza pasipoti. Zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa nchi hii wanalala ng'ambo ya mpaka kama mimi. Nchi yenyewe ina watu elfu 40 hivi.

Saa 1:00 asubuhi. Makabidhiano ya zamu kwenye nyumba ya wazee, Vaduz, mji mkuu. Mwenzangu wa usiku ananiambia bibi wa chumba namba sita hajalala vizuri, tangu saa kumi anauliza ni saa ngapi. Najua sababu. Leo ni tarehe 9 Februari 2025, wanachagua Bunge lao, Landtag, lenye viti 25.

Saa 2:00. Dawa, vipimo vya sukari, mashuka, uji. Asubuhi ya kila siku.

Saa 3:15. Namkuta Bibi ameshavaa sweta lake la bluu. Ana miaka 88. Karibu watu wote hapa hupiga kura kwa posta, hata jirani zake wa ukumbini walishatuma siku nyingi. Yeye hataki. "Yangu naipeleka mwenyewe."

Mezani kuna karatasi nne, moja ya kila chama. Vaduz iko Oberland, jimbo lenye viti 15, kwa hiyo mpiga kura ana kura 15. Unachagua karatasi ya chama kimoja, lakini una ruhusa ya kukata jina usilolitaka na kuandika la mgombea wa chama kingine, na kura hiyo moja ikahamia huko. Nilimpa miwani, nikageukia dirishani, maana kura ni siri yake. Nikasikia kalamu ikikwaruza.

"Nimemkata mmoja," akasema, bila mimi kuuliza.

Kisha akanisimulia. Mwaka 1971 wanaume waliulizwa kama wanawake wapige kura ya taifa, wakakataa. Wakaulizwa tena 1973, wakakataa. Julai 1984 ndipo ikapita: 2,370 walikubali, 2,251 walikataa. Tofauti ya wanaume 119 tu! Yeye alikuwa na miaka 47, ana watoto wakubwa. Bunge la kwanza alilolichagua ni la 1986.

Nikamwambia bibi yangu mzaa mama alipiga kura Tanga mwaka 1965. Akanishika mkono, akakaa kimya kidogo.

"Alitutangulia," akasema.

Sentensi hiyo nimetembea nayo siku nzima.

Saa 4:40. Namsukuma kwenye kiti cha magurudumu. Changarawe waliyomwaga kwa ajili ya barafu inasaga chini ya matairi. Juu kwenye mwamba kuna kasri la Fürst, yaani mtawala wa nchi. Chini yake jengo la Bunge la matofali, paa limechongoka. Ningependa wanaodharau nchi ndogo wamwone bibi huyu akilitazama jengo lile.

Kituoni tunasalimiwa "Hoi", salamu ya wote hapa. Mkono wake unatetemeka, bahasha ikakwama kwenye mdomo wa sanduku. Karani akanyoosha mkono amsaidie. Bibi akatikisa kichwa, akaisukuma kwa kidole gumba mpaka ikaanguka. Tukaisikia ikitua.

Saa 6:00 mchana. Vituo vimefungwa. Chakula ni Käsknöpfle, vidonge vya unga vyenye jibini, na matofaa yaliyopondwa.

Alasiri. Wazee wamejaa ukumbini kufuata matokeo. Chama cha VU (Muungano wa Kizalendo), "wekundu", viti 10. FBP (Chama cha Raia cha Maendeleo), "weusi", wameshuka kutoka 10 hadi 7. DpL (Wanademokrasia wa Liechtenstein) wamepanda kutoka 2 hadi 6. Freie Liste (Orodha Huru) 2. Mzee mmoja aliyekuwa na weusi maisha yake yote hakugusa keki yake. Nikakaa naye kidogo.

Mwaka 2021 VU na FBP walipishana kwa kura 42 nchi nzima. Kwa kuwa mtu wa Oberland ana kura 15, hizo hazijai karatasi tatu. Hapo nikaelewa kwa nini Bibi hakulala.

Brigitte Haas wa VU sasa anaelekea kuwa waziri mkuu, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo. Jina lake lilipotajwa Bibi alivua miwani, akafuta macho.

Saa 11:00 jioni. Nakabidhi zamu. Mimi sina kura hapa. Hata kati ya wakazi wenyewe, karibu theluthi moja ni wageni. Nilipokwenda kumuaga alikuwa kitandani, kalamu bado imechomekwa kwenye sweta.

"Uchaguzi mwingine ni 2029," akasema. "Nani atanisukuma?"

Nikamwambia mimi.