Robo Ukurasa

Mwaka 2000 ulipoanza, watu wa samaki Mwanza tulianza kupumua. Sehemu kubwa ya mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulikuwa umezuia samaki wa Ziwa Victoria, kisa habari za wavuvi waliokuwa wakivua kwa sumu. Viwanda vikapunguza watu, kina mama wa mapanki, ile mifupa ya samaki inayobaki minofu ikishatolewa, wakakosa cha kukaanga, na sisi wa mizigo tukawa tunakwenda ofisini kusalimiana. Kati ya nchi tatu za ziwa, Tanzania ndiyo iliyofunguliwa mapema. Ilyushin, zile ndege kubwa za mizigo, zikarudi. Ukiwa Kirumba unasikia mngurumo kwanza, halafu unainua macho na kuliona lile tumbo likishuka kuelekea uwanjani.

Nilikuwa karani katika ofisi ndogo ya uwakala wa mizigo, chumba kimoja ghorofani mtaa wa Rwagasore. Mwenye ofisi alikuwa mama wa Kikerewe ambaye kila mtu, hadi maofisa wa forodha, alimwita Mama tu. Ujanani alikuwa karani wa kuhesabu mizigo bandari ya Mwanza Kusini, akihesabu marobota ya pamba na mabehewa yaliyoingizwa kwenye MV Umoja kwenda Kisumu na Port Bell. Tabia ya kuhesabu haikumtoka. Ukimwambia mzigo umekwenda "wote", anakuuliza maboksi mangapi.

Tatizo letu halikuwa kazi. Minofu ya sangara ilikuwepo, ndege zilikuwepo. Tatizo ni kwamba viwanda vikubwa vilipenda mawakala wa Nairobi na Dar es Salaam. Meneja wa kiwanda kimoja Igogo aliwahi kutuambia, kwa upole kabisa na huku akitumiminia chai, kwamba mzigo wa minofu mibichi unaokwenda Ulaya unahitaji wakala "anayejulikana nje". Kuanzia siku inapofungwa kwenye barafu una siku chache tu za kuuzwa, na joto likivuka nyuzi 4 mnunuzi anaanza kutafuta sababu za kukata bei. Mama alikunywa chai yake yote, akashukuru, akaaga. Ndani ya gari hakusema neno mpaka tulipofika mjini.

Sasa, kulikuwa na gazeti moja lililokuwa likija ofisini kwa posta kutoka Uingereza. Lilikuwa gazeti la wasafirishaji wa mizigo kwa ndege peke yao: nani kanunua ndege gani, uwanja upi umejenga ghala la baridi, shirika lipi limefungua safari ya kwenda wapi. Lilikuwa linakuja bure. Mama alijaza fomu moja tu, akaandika jina la ofisi, cheo chake na aina ya mizigo tunayoshughulikia, akawa ameingia kwenye orodha. Ndivyo magazeti ya aina hiyo yalivyo: msomaji halipi, ila lazima athibitishe kwamba yumo kwenye kazi hiyo, kwa sababu mtangazaji ndiye anayelipa na anataka kujua analipia macho ya nani.

Mimi nilisoma habari. Mama alisoma matangazo. Alikuwa na kalamu nyekundu, na kila tangazo la shirika lenye nafasi ya kuja Afrika Mashariki alilizungushia. Kwa matangazo tu aliweza kukuambia ni shirika gani linahangaika. Shirika likitangaza Entebbe kwa herufi kubwa matoleo matatu mfululizo, alisema, jua ndege zake zinaondoka Entebbe zikiwa nusu tupu; piga simu, omba bei. Na mara nyingi alipata. Sijaona mtu mwingine akisoma gazeti hivyo, na hata leo naamini alipata mengi kuliko waliosoma kurasa za mbele.

Wiki mbili tatu baada ya ile chai ya Igogo akaniambia, "Mwanangu, andika faksi London. Waulize robo ukurasa ni shilingi ngapi."

Jibu lilikuja karatasi nyingi, zikatoka mashineni zimejikunja mpaka sakafuni. Ukurasa mzima, nusu, robo, sehemu ya nane. Bei ya rangi nyeusi peke yake, bei ya kuongeza rangi moja, bei ya rangi zote nne. Ukurasa wa kulia ghali kuliko wa kushoto, kwa sababu jicho la anayefunua gazeti huangukia kulia. Ukitangaza mara sita unapunguziwa, mara kumi na mbili unapunguziwa zaidi. Chini kabisa kulikuwa na mstari mdogo: mawakala wa matangazo wanaotambulika hupewa kamisheni ya asilimia 15.

Mama alisoma mstari ule mara mbili. "Mashirika ya ndege yanatupa sisi asilimia 5," akasema, "na tunalala uwanjani na samaki. Hawa wanaoleta maneno tu, 15." Akatikisa kichwa. Siku nzima ile kila aliyeingia ofisini alisimuliwa.

Kazi ya kuandika akanipa mimi, kwa kuwa Kiingereza changu kilikuwa cha shule nzuri. Nikaandika kama walivyoandika wengine: huduma ya haraka, ya kuaminika, ya kitaalamu. Akachukua gazeti la mwezi uliopita na kunipa ile kalamu nyekundu nizungushie kila tangazo lenye maneno hayo. Nilipomaliza, gazeti lilikuwa jekundu.

Akakaa mwenyewe na karatasi. Akaanza na herufi MWZ, kwa sababu mtu wa mizigo popote duniani huujua uwanja kwa herufi zake tatu kabla hajaujua mji. Chini yake: minofu ya sangara, chumba cha baridi, nyuzi 0 hadi 4, uzani unafanywa mbele ya mteja. Halafu sentensi iliyonishangaza, kwa sababu haikuhusu samaki kabisa: ndege zinazokuja Mwanza zina nafasi, tuletee mzigo wako.

Hapo alikuwa amegusa donda la biashara nzima. Ilyushin 76 hubeba tani zaidi ya 40. Inaondoka Mwanza imejaa, lakini mara nyingi ilikuja tupu, na mwenye ndege hawezi kuruka bure saa zote hizo. Gharama ya kuja anaipachika kwenye kilo ya samaki. Ukipata mzigo wa kuja nao, hata nusu ndege, bei ya minofu inashuka. Na mwaka ule mzigo ulikuwepo. Mgodi wa Geita ulikuwa unakamilishwa ng'ambo ya ghuba, Bulyanhulu ulikuwa njiani, na vipuri vyao vilikuwa vinashukia Dar es Salaam na kupanda malori. Mtu London akiwa na boksi la vipuri vya mtambo hajui kwamba kuna ndege tupu inayopita juu ya kichwa chake kuja Mwanza. Nani amwambie?

Watu wa gazeti walituomba picha. Kila tangazo gazetini lilikuwa na picha ya ndege. Kupiga picha uwanja wa ndege bila kibali ni kesi, na kibali chenyewe ni safari ya ofisi nyingi, kwa hiyo Mama akaamua hataki ndege. Tukaenda kwenye kiwanda kidogo kilichokuwa kinatupa mzigo, mpiga picha wa mjini akapiga boksi jeupe juu ya mizani, mshale ukionekana vizuri. Picha ikaenda London kwa DHL. Pruufu, nakala ya kukagua kabla ya kuchapwa, ikarudi kwa faksi, na pale palipokuwa na boksi pametokea mraba mweusi kabisa. Tukapiga simu. Dada wa mauzo akacheka, akatuhakikishia kwamba ni faksi tu, kwenye gazeti litaonekana. Simu yenyewe, dakika zile, iliniuma kuliko bei ya tangazo.

Lakini kazi kubwa kuliko zote ilikuwa kulipa. Tulikwenda benki kutuma TT, yaani pesa za kwenda benki ya nje. Kijana wa dirishani alikuwa mwenye adabu, alimwamkia Mama vizuri, akachukua invoisi na kuitazama mbele na nyuma.

"Mama, hii ni bidhaa gani?"

"Tangazo."

"Itaingilia Dar au Mombasa?"

"Haiingii."

Akaita mkubwa wake. Mkubwa akaeleza kwamba fedha za kigeni zikitoka lazima kuwe na hati ya kuonyesha kilichonunuliwa. Hati ya meli, au ya ndege, au ya forodha, yoyote ile. Mama, ambaye maisha yake yote yalikuwa hati za meli na ndege na forodha, akasimama pale bila hata moja.

"Sasa, Mama, tutathibitishaje kwamba ulichonunua umekipokea?"

"Nitakuletea usome."

Yule mkubwa alitabasamu, ila hakusaini. Tulirudi kesho yake na barua kutoka London, tukarudi tena na barua yetu yenye muhuri, na katikati ya hapo siku ya mwisho ya kupokea matangazo ya toleo lile ikawa inakaribia. Mwishowe pesa zikaondoka. Zilikuwa nyingi. Nilipiga hesabu ya mshahara wangu kimoyomoyo, nikaacha katikati.

Tangazo lilitoka ndani ya kurasa maalumu za mizigo inayoharibika: maua ya Kenya, maharage mabichi, samaki. Ukurasa wa kushoto, kwa kuwa wa kulia hatukuuweza. Juu yetu kulikuwa na tangazo la shirika kubwa la Ulaya, nusu ukurasa, ndege ikipasua mawingu. Chini boksi letu juu ya mizani, na herufi MWZ nene. Nikiri kwamba nilivutiwa. Kati ya ndege zote zile lile boksi ndilo lililokuwa na uzito.

Mtangazaji hupewa nakala za bure za toleo lenye tangazo lake, ziwe ushahidi kwamba limetoka. Kawaida ni nakala moja au mbili. Mama alikuwa ameomba 20, na kwa namna alivyoomba wakampa. Nilidhani anataka za kuweka. Asubuhi ile akazipanga mezani, akaandika orodha, akanikabidhi na nauli ya daladala.

Ya kwanza ilikwenda benki, kwa yule mkubwa. Nyingine ghala la mizigo uwanjani, nyingine forodha, nyingine kwa mwakilishi wa shirika moja la ndege mjini. Zilizobaki zote zilikwenda viwandani, Igogo na huko njia ya uwanja wa ndege. Hakunipa barua ya kuambatanisha. Nilipouliza niseme nini, akasema, "Sema nimekutuma uwaletee gazeti." Kila moja alikuwa ameikunja ifunguke kwenye ukurasa wetu.

Kule kwa meneja wa chai sikukaribishwa chai. Nilimkuta kasimama mlangoni akizungumza na fundi wa majokofu. Akapokea gazeti, akalisoma palepale, akageuza jalada kuona ni la wapi, akarudi ndani kwenye ukurasa. Kisha akamwita nduguye kutoka ofisi ya hesabu, wakainama wote wawili. "Hii ni ya London?" akaniuliza. Nikasema ndiyo. "Mama yupo ofisini leo?"

Kwa upande wa Ulaya, faksi tulizopata hazikujaza faili. Mmoja alitaka kutuuzia neti za kufungia mizigo. Mwingine alikuwa gazeti jingine, nalo linauza nafasi. Kuna aliyetaka kununua samaki moja kwa moja, akidhani sisi ni wavuvi. Na mmoja, wakala wa Uingereza, aliuliza kwa makini bei ya kuleta vipuri vya mgodi Mwanza badala ya Dar es Salaam. Mzigo huo ulikuja kweli, si nusu ndege, lakini ulikuja, na Mama mwenyewe alikwenda uwanjani kuuhesabu.

Wale wa Igogo walianza kutupa mzigo mwezi uliofuata. Kidogo kwanza, siku ambazo wakala wao wa Nairobi alikosa nafasi, halafu siku za kawaida. Nilikuwa nimeudhika kidogo, nikamwuliza Mama kama hakuona ni gharama kubwa kutangaza London ili usomwe Igogo, mahali unapoweza kufika kwa teksi.

"Yule ananiona kila siku napita na lile Peugeot," akasema. "Nimeshakwenda kwake kwa miguu, nimekwenda kwa gari, nimekunywa chai yake. Wapi pengine ningemfuata?"

Nikakumbuka kwamba gazeti lile lilikuwa linafika mezani kwake pia, kwa posta ileile, bure kama letu. Nililiona siku ya chai, chini ya kikombe.

Baadaye mwaka huo kampuni ya simu ikabadilisha namba, 068 ya Mwanza ikawa 028, na kila tangazo, kila kadi na kila kibao mjini kikawa kimepitwa. Dada wa mauzo akapiga simu kutuuliza kama safari hii tungependa kuongeza rangi, au labda picha ya ndege, maana wateja wengi wanaipenda. Mama akanipa ishara nishike kalamu.

"Mwambie ukubwa uleule, boksi lilelile. Abadilishe namba ya simu. Na nakala atume 30."