Mita 75

Jumatatu, usiku

Leo wamelipua saa saba na dakika kumi mchana. Sikuhitaji kutazama saa ya ukutani. Pini zangu nazimwaga kwenye kifuniko cha kopo pembeni ya cherehani, na king'ora cha machimbo kikishanyamaza huwa nazikodolea macho tu. Kwanza zinatetemeka, zinasogeleana, moja mbili zinadondoka mezani. Halafu ndipo mlio unafika. Mpwa wangu anayesomea ujenzi aliwahi kunieleza kwamba mtikisiko hupita ndani ya mwamba kwa kasi kuliko sauti inavyopita hewani. Kwa hiyo pini hujua kabla ya masikio yangu. Miaka yote hii nimekuwa na mlinzi wa bati mezani bila kumlipa.

Jioni nikakuta ilani imebandikwa kwenye nguzo. Kampuni ya machimbo inaomba kulegezewa sharti la umbali. Kanuni inasema wasichimbe ndani ya mita 150 kutoka kwenye mpaka wa makazi. Wao wanaomba waruhusiwe kufika mita 75. Nimeisoma mara tatu nikiwa nimesimama, mfuko umening'inia mkononi. Kilichonichoma si tarakimu. Ni maneno mawili ya aya ya pili, walipouita ukanda huo "ardhi isiyotumika".

Mimi ni fundi cherehani, na kazi yangu inajua kitu kimoja kuhusu sehemu isiyotumika. Nikikata gauni, naacha kitambaa cha ziada kando ya kila mshono. Mvaaji hakioni maisha yake yote. Mteja mbahili akiniletea kitambaa pungufu huniambia, "Si ukate tu hapo pembeni, hapo si hakuna kitu?" Kuna kitu, mama. Hapo ndipo gauni linaposhikilia. Nikikata pale, siku ya kwanza utapendeza, siku ya pili ukiinama kuokota kitu watu wote watajua fundi wako ni nani.

Jumatano

Mpwa alikuja na kikokotoo chake. Nilimwomba aje anitafsirie maombi ya kampuni, maana yana kurasa nyingi zenye michoro ya mishale na mimi mishale naijua ya kwenye patani, karatasi za kukatia nguo, tu.

Kumbe baruti hailipuki yote kwa mpigo mmoja. Wanatoboa matundu kwa safu, wanayajaza, halafu matundu yanalipuka kwa zamu, kila zamu ikiachana na nyenzake kwa kipande kidogo mno cha sekunde, kipande ambacho sikio letu linakimeza na kusikia "buu" moja ndefu. Kinachopimwa ni uzito wa baruti wa zamu moja, na umbali hadi nyumba yako. Nikamuuliza swali la kitoto: wakisogea nusu ya umbali, si mtikisiko utakuwa mara mbili? Akatikisa kichwa. Kwa baruti ile ile, kwa kanuni wanayoitumia wahandisi wengi, utakuwa karibu mara tatu. Na wakitaka ubaki kama ulivyo leo, itabidi baruti ya kila zamu ipunguzwe hadi robo.

Robo! Tukarudi kwenye zile kurasa, ukurasa kwa ukurasa, kutafuta hiyo robo. Tulikuta "teknolojia ya kisasa" mara kadhaa. Robo hatukuiona.

Nikamwonyesha ufa. Uko juu ya dirisha la chumba cha nyuma, umepinda kama uzi uliokatika, na kwa muda mrefu nimekuwa nikiwaambia wageni kwamba ni kazi ya machimbo. Mpwa wangu akaupapasa, akatoka nje akatazama msingi, akarudi na sura ya daktari mwenye habari isiyopendeza. Akasema shangazi, huu huenda ni msingi uliokaa vibaya, au jua na baridi. Nyumba zisizo karibu na baruti yoyote nazo zina nyufa kama hizi. Ofisi ya Migodi ya Marekani ilichunguza jambo hili na mwaka 1980 ikatoa ripoti ambayo bado inatumika sana: kwa mtikisiko wa mawimbi ya polepole, nyumba za zamani zenye kuta za lipu ziwekewe kikomo cha milimita 12.7 kwa sekunde, yaani kasi ya ardhi inapotikisika, na zile za kuta za mbao za jasi milimita 19. Chini ya hapo uwezekano wa kuta kupasuka ni mdogo. Lakini mwili wa binadamu unahisi hata chini ya milimita 1.

Nilinuna kidogo, sitaficha. Nilikuwa nimeuzoea ufa wangu kama shahidi. Ila nilipolala nikaona hesabu hiyo inaeleza ugomvi wetu wote na kampuni. Wao wanasema "tuko chini ya kiwango", nasi tunasema "nyumba zinatikisika", kila upande unamwona mwenzake mwongo, kumbe wote tunasema kweli. Kiwango kiliwekwa kwa ajili ya ukuta. Anayeamka ameshika kifua hana kiwango chake.

Asubuhi nimechora mstari wa penseli kwenye ncha zote mbili za ufa, nikaandika tarehe.

Ijumaa

Tulikutana nyumbani kwa mwalimu mstaafu. Watu wengi kuliko viti. Nilidhani tutaandika barua ya pingamizi, tukaishia kwanza kupingana sisi kwa sisi.

Kila mmoja alikuja na lake. Vumbi kwenye nguo zilizoanikwa. Malori. Visima, na hilo ni zito, kwa kuwa shimo likishuka chini ya usawa wa maji ya ardhini inabidi wapampu mchana na usiku, na maji ya visima vya jirani huvutwa kuelekea shimoni. Vipande vya mawe vinavyoruka. Mama mmoja akataja vumbi la silika, kwamba tangu 1997 wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani umeliweka kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa wanaolivuta kazini. Nikajikuta namtazama kijana wa kwenye kinu cha kusaga mawe, aliyesimama mlangoni peke yake. Kope zake zilikuwa na weupe ambao haujatoka kwa maji. Kama kuna mwenye haki ya kuliogopa vumbi hilo kuliko sisi sote, ni yeye. Na ndiye aliyesema, "Mkifunga machimbo, mimi na wenzangu mtatulisha ninyi?"

Kimya. Nikasema mimi, kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka, kwamba msingi wa nyumba yangu umejengwa kwa kokoto za machimbo hayo hayo. Nilizilipia kwa awamu. Siwezi kusimama juu yake nikapiga kelele kwamba mawe ni laana. Kijana akacheka, na chumba kikapata hewa.

Hapo mwalimu akafanya kazi ya ualimu. Akauliza: kamati ya mipango imeulizwa nini? Haikuulizwa kama tunayapenda machimbo. Imeulizwa kama sharti lilegezwe kwa mwombaji huyu, kwenye kipande hiki. Kulegeza sharti, akasema, ni mlango uliotengenezwa kwa ajili ya kiwanja chenye kilema: umbo la ajabu, mteremko mkali, kitu ambacho kingemfanya mwenyewe ashindwe kuitumia ardhi yake kama majirani wanavyotumia yao. Katika miaka ya 1920 Wizara ya Biashara ya Marekani ilitoa sheria ya mfano ya mipango ya ardhi, nayo ikaipa bodi uwezo huo pale tu ambapo kulishikilia sharti kungeleta ugumu usio wa lazima, ilimradi roho ya kanuni ibaki na haki itendeke. Sehemu nyingi duniani zina kitu cha namna hiyo, kwa maneno yao. Ugumu uwe wa ardhi. Mfuko wa mwenye ardhi hauhesabiwi, na ugumu uliojitengenezea mwenyewe vilevile.

Fundi seremala akataka kujua huu mtindo wa kulazimisha watu warudi nyuma na mpaka ulitoka wapi. Mwalimu, ambaye nadhani alikuwa akilisubiri swali hilo tangu astaafu, akatupeleka New York. Mwaka 1915 lilikamilika jengo moja, Equitable, lililopanda wima kutoka ukingo wa barabara hadi juu, na kivuli chake kikawafunika majirani. Mwaka uliofuata jiji likapitisha kanuni kwamba jengo likizidi kupanda, lirudi nyuma ngazi kwa ngazi ili mwanga ufike chini. Nimeipenda hadithi hiyo. Waliolalamika hawakuwa wamiliki wa lile anga, lakini jua lilikuwa lao.

Barua ikatoka kurasa mbili badala ya nane. Malori tuliyaacha nje, na wenye malori yao moyoni walikasirika.

Jumanne, baada ya kikao

Miguu inauma. Tulisimama saa tatu nzima.

Mwakilishi wa kampuni alizungumza vizuri, na hoja yake ya kwanza ilikuwa na nguvu. Nitakuwa mnafiki nikisema sivyo. Alisema mwenye duka anaweza kuhama, mwenye mawe hawezi. Mwamba uko pale ulipo. Ukimkataza kuuchimba ndani ya ukanda ule, umemnyang'anya mwamba wenyewe. Niliwaona wajumbe wawili wakiandika. Nami nilikaa nikijiuliza ningejibu nini, hadi nikakumbuka kwamba siku anainunua ardhi ile, mita 150 zilikuwa kwenye kanuni tayari. Alinunua kitambaa akijua upana wake.

Hoja ya pili ilikuwa ile ya kila mara: sisi tulitangulia, ninyi mlijenga mkitukuta. Kwa baadhi yetu ni kweli kabisa. Mwalimu akanyanyuka na Hadacheck wake, mfyatua matofali wa Los Angeles aliyenunua shamba lake la udongo mwaka 1902, wakati liko nje ya mji. Mji ukamfuata, ukamzunguka, kisha ukapiga marufuku viwanda vya matofali eneo lile. Kwa matofali ardhi yake alisema ina thamani ya dola 800,000, kwa matumizi mengine 60,000. Mwaka 1915 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaupa mji ushindi. Ukumbi ukapiga makofi. Mimi sikupiga. Nilimwonea huruma yule mtu, na nilidhani mwalimu amekwenda mbali kuliko tulikokubaliana, kwa kuwa sisi hatuombi mtu afungiwe. Tunaomba abaki alipo.

Zamu yangu ilipofika nilikuwa na sentensi moja kwenye kipande cha karatasi ya patani. "Mkisogea hadi mita 75, mtapunguza baruti ya kila zamu hadi robo?"

Mwakilishi akamtazama mshauri wao. Mshauri akafungua jalada, akalifunga. "Hilo tutalizingatia."

Nina maoni yangu kuhusu neno "tutalizingatia". Ni kama lile sanduku la chini ya kitanda: kila usichotaka kukitupa mbele za watu unakiweka humo. Mwenyekiti wa kamati lakini hakulipokea. Akauliza tena, ndiyo au hapana, ipo kwenye maombi au haipo? Haipo. Akaandika kwa muda mrefu, kisha akasema kamati itakwenda kupaona mahali penyewe kabla ya kuamua.

Alhamisi

Tumekwenda. Wajumbe watano, mpima ardhi wa kamati, watu wa kampuni wakiwa na kofia ngumu za kugawa, na sisi tuliopewa ruhusa ya kusimama nyuma. Kutoka ukingoni shimo lina ngazi kama uwanja wa michezo, na chini kabisa maji ya kijani yametulia. Ni pazuri kwa namna fulani. Sikutarajia.

Mwenyekiti akasema tuanzie mpakani, tupime mita 75 kwa macho yetu. Mpima ardhi akakunjua mchoro, akatembea, akasimama, akarudi, akatembea tena. Bikoni, ile alama ya zege ya mpaka, ilitakiwa iwe pale. Palikuwa na lundo la udongo na vifusi vya machimbo, refu kama mtu, majani yameshaota juu yake. Mtu wa kampuni akasema ni tuta la kuzuia kelele. Mpima ardhi hakumjibu, akaomba koleo.

Aliyeleta koleo ni yule kijana wa kwenye kinu. Akachimba yeye mwenyewe, bila kumtazama yeyote. Ilichukua muda, mjumbe mmoja alikwenda kukaa kivulini. Kisha koleo likagonga kitu na mpima ardhi akapiga magoti, akapangusa kwa leso yake mpaka namba zikasomeka kwenye zege. Akasimama pale pale juu ya bikoni na kututazama sote, halafu akageuka kutazama tuta linakoishia. Lilikuwa limeingia upande wetu hatua kumi na mbili. Nilizihesabu wakati akizitembea.

"Itarekebishwa," akasema mtu wa kampuni.

Mwenyekiti akaomba ile leso aione. Sijui kwa nini. Akaikunja na kumrudishia mwenyewe, akasema kikao kingine ni baada ya wiki tatu.

Nimerudi na sare za wanafunzi kumi na nane ambazo hazijakatwa. Leo hawakulipua.