Sake si gongo

Jana nimempigia kaka Kibosho, nikamsimulia kwamba Jumamosi nilikwenda kuonja sake. Akacheka: "Kumbe huko mnakunywa gongo la Wajapani!" Neno hilo nimelala nalo. Na si yeye wa kwanza kulisema.

Ndugu zangu, gongo linachemshwa, mvuke unapitishwa kwenye bomba, ndipo mnalipata. Sake haipiti bombani. Ni mchele, maji, chachu na ukungu mweupe unaoitwa koji. Kilevi chake ni kama asilimia 15 au 16. Mchaga ataelewa upesi: sisi tunaotesha ulezi tupate kimea cha mbege, pombe yetu ya ndizi. Mchele uliokobolewa hauoti, kwa hiyo wao wanaupandishia koji igeuze wanga kuwa sukari, na humo humo pipani chachu inaigeuza sukari kuwa pombe. Ndugu wa sake ni mbege.

Mimi naishi Higashi-Hiroshima, Japani, mwaka wa tatu sasa. Ukishuka stesheni ya Saijo unaziona dohani za matofali mekundu, viwanda vya sake vimepangana mtaa mmoja. Nimezoea kufuatwa nyuma madukani kama mwizi, jambo ambalo linachosha kuliko baridi. Kwa hiyo Jumamosi, mzee wa kaunta ya kuonjea aliponivutia kiti nilibaki nimesimama. Akaleta visahani vitatu vya mchele. Cha kwanza punje za kawaida, cha pili zimepungua, cha tatu vishanga vidogo vya duara, vyeupe kama lulu. Hiyo ni ya daiginjo, sake ya daraja la juu: angalau nusu ya punje imesagwa ikaondolewa, maana mafuta na protini za nje zinaharibu ladha. Nusu ya punje! Nilimkumbuka mama anavyookota mchele uliomwagika, punje moja moja.

Akamimina kwenye kikombe cheupe chenye duara mbili za buluu chini, za kupimia kama pombe ni safi. Nikanusa. Ndizi mbivu! Nikarudia kunusa, nikamuuliza kama wametia ndizi. Akatikisa kichwa: mchele tu, harufu inaletwa na chachu. Machozi yalinilengalenga, sioni aibu kusema. Kisha akanipa junmai, sake ambayo haiongezwi kilevi cha pembeni, akaipasha moto kidogo. Hiyo ina uzito wa uji na uchachu kwa mbali. Ndiyo niliyoipenda. Bei yake ni chini ya daiginjo, kwa hiyo msiiamini bei peke yake.

Mnaopanga kuja: dukani ulizeni nihonshu, maana "sake" kwao hata bia imo. Kwenye lebo, namba yenye alama ya kujumlisha kwa kawaida haina utamu mwingi, ya kutoa ina utamu. Mezani mmiminie mwenzio, naye atakumiminia. Na baiskeli iacheni hapo hapo. Tangu Novemba 2024, ukikamatwa umeendesha baiskeli na pombe kichwani, faini inafika yeni 500,000 au kifungo hadi miaka mitatu. Ada za shule za wadogo zenu zitaishia hapo.

Nimenunua chupa ya mililita 720. Ile mbichi isiyopashwa moto kiwandani nimeiacha, inataka friji njia nzima. Desemba naipeleka Kibosho. Kaka atainusa kwanza, kabla sijamwambia ni ya nini.